Uhakiki wa Cheti cha Unga wa Majani

Mwezi Septemba 2024 shemeji ya mwanangu alikuja likizo kutoka Marekani, akaniletea kifurushi. Ndani mlikuwa na miwani ya kusomea, chupa ya marashi ya mama yake, na pakiti ya gramu 250 yenye unga wa kijani, mithili ya majani ya mlonge yaliyosagwa. Pamoja na pakiti hiyo zilikuwapo karatasi tatu zilizobanwa kwa pini. Juu ya karatasi ya kwanza mwanangu alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Baba, hii ni kwa ajili ya magoti. Usiwe na wasiwasi, imepimwa maabara."

Magoti yangu ni kweli yananisumbua. Nilifundisha kwa miaka 38, na kwa muda wote huo nilisimama, maana mwalimu aliyekaa kitini hafundishi, anahesabu saa. Sasa nina umri wa miaka zaidi ya sabini, na kutoka nyumbani kwangu hadi soko la Muheza napumzika mara mbili njiani. Kwa hiyo pakiti ile niliipokea kwa shukrani. Nilimwita mama watoto achemshe maji. Lakini alipokuwa anapuliza moto, mimi nilivaa ile miwani mpya nikaanza kusoma zile karatasi, na maji yalipochemka nilimwambia atutengenezee chai.

Napenda msomaji wangu ajue kilichonizuia. Watu wengi siku hizi wanaletewa dawa za majani zenye karatasi kama hizi, na karatasi ya maabara ina heshima kubwa machoni petu. Ina namba, ina nembo, ina sahihi. Wazee wetu walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi nami naomba tuingie pamoja.

Nilipokuwa mwanachuo pale Mpwapwa, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mkufunzi wetu wa Kiswahili alitufundisha kuhakiki maandishi kwa maswali machache tu. Nani anasema? Anamwambia nani? Anasema nini? Na kitu gani hakukisema, ingawa tulitazamia akiseme? Baadaye vitabu vilituletea fani na maudhui, nasi tukavifundisha hivyo, lakini maswali yale ya mwanzo hayajawahi kunitupa. Tena neno letu hili, uhakiki, lina kazi mbili. Tunahakiki hadithi, na tunahakiki vyeti. Mwaka 2017 Serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi wa umma, walionekana 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Cheti cha unga wa majani kinahitaji uhakiki wa namna zote mbili: je, ni cha kweli, na je, kinasema nini?

Kwanza niseme kidogo juu ya mmea wenyewe. Unaitwa kratomu. Ni mti wa Kusini-Mashariki mwa Asia, wa ukoo mmoja na mbuni. Huko Thailand na Malaysia wafanyakazi wa mashambani wametafuna majani yake tangu zamani ili wavumilie jua na uchovu, kama vile kwetu walivyo watu watafunao mirungi. Thailand iliupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1943, kisha Agosti 2021 ikauondoa katika orodha ya dawa za kulevya. Nchini Marekani majimbo hayakubaliani. Alabama na Indiana yameukataza. Mengine, Utah likiwa la kwanza mwaka 2019, yametunga sheria ya kusimamia uuzaji wake. Idara ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo haijauidhinisha kuwa dawa ya ugonjwa wowote. Ndani ya majani yake imo kemikali iitwayo mitrajinini, ambayo huingia katika ubongo kwa milango ile ile inayopitiwa na mofini. Ndiyo maana unatuliza maumivu. Na kwa sababu hiyo hiyo mwenye kuutumia kila siku aweza kuzoea mpaka akashindwa kuacha.

Sasa tuje kwenye cheti.

Karatasi ya kwanza ina jina la maabara, jina la muuzaji aliyepeleka unga, tarehe, orodha ya vipimo vilivyoombwa, na namba ya toleo. Namba ya toleo ndiyo ile watu wa madukani huiita bechi: kila mara mtengenezaji anapochanganya na kufungasha mzigo mmoja, huupa mzigo huo namba yake. Nilichukua pakiti nikaigeuza. Namba iliyopigwa chapa chini ya pakiti haikuwa ile iliyoandikwa kwenye cheti. Cheti kilikuwa cha Machi 2023, na pakiti ilifungashwa Juni 2024. Miezi 15 ilikuwa katikati yao.

Wenzangu waliowahi kuwa walimu wakuu wataelewa nilivyojisikia. Zamani, mtoto aliyefeli darasa la saba aliweza kupelekwa shule nyingine arudie kwa jina la mtoto aliyeacha masomo. Nilimwona kijana mmoja akija na cheti safi kabisa, chenye muhuri wa kweli na sahihi ya kweli. Kasoro yake ilikuwa moja tu: mwenye cheti alikuwa mwingine. Cheti cha mwanangu nacho kilikuwa hivyo. Sikuona dalili yoyote ya kughushi. Kilikuwa cheti cha kweli cha unga mwingine, ambao pengine ulikwisha kunywewa wote kabla huu wangu haujasagwa.

Mtu aweza kusema: muuzaji ni yule yule, mti ni ule ule, kuna ubaya gani? Ubaya upo. Majani hayafanani na sukari ya kiwandani. Mti mmoja huota kwenye udongo wenye risasi nyingi na mwingine mahali safi. Mzigo mmoja hukaushwa juani kwenye turubai na mwingine sakafuni penye kuku. Hata ndani ya mzigo mmoja, gunia la juu si gunia la chini. Sisi watu wa Muheza tunalima machungwa, twajua mambo ya tenga. Mnunuzi anayetoka Dar es Salaam akichukua machungwa mawili ya juu akayamenya, amejua utamu wa machungwa mawili. Mnunuzi mzoefu hutia mkono mpaka chini, tena huchagua tenga mwenyewe. Hamwachii muuzaji achague.

Je, nani alichagua sampuli ya unga huu? Jibu nililikuta kwenye karatasi ya mwisho, kwa herufi ndogo kama za matangazo ya vifo ya gazeti. Pale maabara imeandika kwamba sampuli ililetwa na mteja, na kwamba majibu yanahusu sampuli iliyopokelewa peke yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sentensi muhimu kuliko zote katika cheti kizima, na ndiyo iliyochapwa kwa herufi ndogo kuliko zote. Mhakiki na aanzie hapo.

Karatasi ya pili ndiyo yenye tarakimu. Hapa nilihitaji msaada, nikamwendea mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mama mzima na mtaalamu wa maabara hospitalini. Aliniamkia, akanipa kiti, akazisoma karatasi zile kama mimi ninavyosoma insha ya mtoto, kalamu mkononi. Yafuatayo nimeyapata kwake, nami nimeyarudia kwa hesabu zangu.

Mstari wa kwanza unasema mitrajinini ni asilimia 1.46. Tarakimu hiyo haina maana mpaka tuigeuze. Asilimia 1.46 ya gramu moja ni miligramu 14.6. Lakini nani anakunywa kwa gramu? Watu hunywa kwa kijiko. Nilikwenda kwa sonara, nikamwomba mizani yake, nikapima kijiko cha chai kilichojaa: gramu 3, kasoro kidogo sana. Basi kijiko kimoja kina takriban miligramu 44. Cheti hakikusema neno lolote juu ya kijiko, wala pakiti haikusema kijiko kikubwa au kidogo, kilichojaa au kilichokatwa. Msomaji ameachiwa hesabu, na wasomaji wengi hawaifanyi.

Mstari wa pili unahusu ndugu wa kemikali hiyo, aitwaye haidroksimitrajinini, ambaye ana nguvu zaidi. Kwenye cheti ameandikwa kuwa chini ya kiwango cha kupimika. Hilo ni jibu la kupendeza, maana katika majani ya kawaida huwa ni kidogo mno. Ukiona cheti cha unga wa majani ambacho tarakimu yake hapa ni kubwa, shuku kwamba kuna mkono umeongeza kitu. Madukani Marekani vimeenea vidonge na vinywaji vya kemikali hiyo iliyokolezwa, hata Julai 2025 Idara ya Chakula na Dawa ikapendekeza iwekwe katika kundi la dawa zinazodhibitiwa kwa sheria kali.

Pembeni ya mistari hiyo miwili palikuwa na kinyota. Mwanafunzi wangu alikiona kabla yangu. Tulikwenda karatasi ya mwisho kutafuta maana yake, tukakuta: vipimo vyenye kinyota havimo katika orodha ya vipimo ambavyo maabara hiyo imepewa ithibati. Juu ya karatasi ya kwanza mlikuwa na nembo ya ithibati ya kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 17025, ambayo ni jambo la heshima. Lakini ithibati hutolewa kwa kipimo baada ya kipimo. Mwalimu aliyefuzu kufundisha Jiografia haimkatazi kufundisha Hisabati mwalimu wa Hisabati akiugua. Ila mzazi anastahili kujua.

Kisha zinafuata metali nne: aseniki, kadimiamu, risasi na zebaki. Mbele ya kila moja limeandikwa neno lenye maana ya "imefaulu". Hapa ndipo moyo wa mwalimu mkuu ulipozinduka, kwa kuwa neno "amefaulu" nimeliandika maelfu ya mara, na najua kwamba halina maana bila kuuliza alama ya kufaulu ilikuwa ngapi na nani aliiweka. Mwaka mmoja mtoto anafaulu kwa alama ambazo mwaka uliotangulia zingemrudisha nyumbani kulima.

Risasi ilikuwa maikrogramu 0.42 katika kila gramu. Kiwango kilichotumika kwenye cheti ni maikrogramu 10 kwa gramu, ambacho ndicho Shirika la Afya Duniani limekitaja kwa mimea ya dawa. Kwa kipimo hicho unga umefaulu mno. Lakini kipimo hicho kinapima unga, hakipimi mnywaji. Sasa tuchukue kijiko kimoja kwa siku: gramu 3 mara 0.42 ni maikrogramu 1.26. Jimbo la California humtaka muuzaji aweke onyo iwapo bidhaa yake inampa mtu zaidi ya maikrogramu 0.5 za risasi kwa siku. Kwa kipimo hicho unga ule ule umefeli. Idara ya Chakula na Dawa nayo inatumia maikrogramu 8.8 kwa siku kama kipimo cha kuangalia chakula cha wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwa hicho umefaulu. Mtoto mmoja, mtihani mmoja, matokeo matatu. Shabaha yangu si kusema nani kati ya hao watatu ana haki. Nasema kwamba neno "imefaulu" lilipaswa kuwa mwanzo wa maswali, nasi tumelifanya kuwa mwisho.

Zebaki ilikuwa na herufi mbili, N na D, ambazo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "haikuonekana". Wengi husoma "haimo". Hayo ni mambo mawili. Nikiingia bwenini usiku na kibatari, nikamulika vitanda na kurudi, naweza kuandika kwamba sikumwona mtoro. Nikiingia na karabai, huenda nikaandika mengine. Kila mashine ina kibatari chake, na cheti kizuri hutaja ukali wa mwanga huo, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho mashine yaweza kukiona. Hiki kilitaja, nami nakipa alama kwa hilo.

Lakini mbona metali ni nne tu? Mwaka 2019 Idara ya Chakula na Dawa ilitangaza matokeo ya kupima bidhaa 30 za kratomu, na metali mbili zilizowatia wasiwasi zilikuwa risasi na nikeli. Nikeli haimo katika cheti cha mwanangu. Haikufaulu wala haikufeli. Haikuitwa jina kabisa. Hapa lile swali la mkufunzi wangu linafanya kazi yake. Cheti hujibu kilichoulizwa, na anayeuliza ni yule anayelipa.

Mfano wa jambo hili ulio karibu zaidi na magoti yangu ni wa mwaka 2022. Mwaka huo mamlaka hiyo hiyo ilitoa maonyo juu ya vidonge vya maungio vilivyouzwa kwa jina la Artri King, vikisifiwa kuwa vya asili. Vilipopimwa vilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni, dawa za hospitali ambazo hazikutajwa kwenye kifungashio. Wagonjwa walipata nafuu, ndiyo, lakini nafuu hiyo ilitoka kwenye dawa wasiyoijua, yenye madhara wasiyoyajua. Ungepima vidonge vile kwa risasi na zebaki tu, diklofenaki isingeonekana hata chembe, na karatasi ingesema kweli tupu.

Sasa nifike kwenye ukurasa wa tatu. Nilisema karatasi zilikuwa tatu. Chini ya ya kwanza imeandikwa 1 kati ya 4, chini ya pili 2 kati ya 4, na chini ya mwisho 4 kati ya 4. Nilizibandua pini nikitafuta kama mbili zimegandana. Hazikugandana. Tulirudi kwenye orodha ya vipimo vilivyoombwa, tukaondoa vile tulivyokwisha kuviona, na vilivyobaki vilikuwa vya vijidudu: bakteria kwa jumla, ukungu, na salmonela.

Ukurasa huo ndio ningependa kuuona kuliko mwingine wote. Mwaka 2018 watu 199 katika majimbo 41 ya Marekani waliugua kutokana na salmonela iliyohusishwa na kratomu. Aprili mwaka huo Idara ya Chakula na Dawa ililazimika kutoa amri ya kuondoa bidhaa za kampuni moja sokoni baada ya kampuni hiyo kukataa kuziondoa kwa hiari. Hata kama ukurasa ungekuwapo na kusema salmonela haimo, ningekumbuka kwamba kipimo hicho hufanywa kwa gramu chache, aghalabu 25, na vijidudu haviketi kwa mstari kama wanafunzi wa paredi. Lakini ukurasa usiokuwapo haunipi hata hicho kidogo. Sijui kama ulipotea kwenye mashine ya kutolea nakala au ulitolewa na mtu. Mhakiki hahukumu nia asiyoiona. Anaandika kwamba ukurasa haupo.

Nilipomshukuru mwanafunzi wangu nilimuuliza swali la mwisho: "Mwanangu, ukurasa ungekuwapo, na namba ingekuwa ile ile, na vyote vimefaulu, ninywe?"

Alicheka kwa adabu. Akasema, "Mwalimu, sisi tunapima kilichomo kwenye chupa. Wewe unayekunywa hujapimwa hapa." Kisha akaniuliza ninatumia dawa gani za presha, akanieleza kwamba kratomu huweza kuzuia ini lisivunjevunje dawa nyingine kama kawaida yake, zikarundikana mwilini. Hilo halimo katika ukurasa wowote kati ya minne, wala halingeweza kuwamo.

Nilirudi nyumbani nikikumbuka mwaka 2011, mwaka niliostaafu. Mimi na mama watoto tulisafiri mpaka Samunge, Loliondo, tukapanga foleni ya magari usiku na mchana, tukanywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Siwacheki waliokwenda, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini nakumbuka ndani ya basi mtu mmoja alisema wataalamu wameipima dawa na hawakuona sumu, na basi zima likapiga makofi kana kwamba tumeambiwa inaponya. Kutoka "haina sumu" hadi "inaponya" ni safari ndefu kuliko ya Muheza hadi Loliondo, nasi tuliimaliza kwa kupiga makofi. Kosa lile lile lilikuwa limeandikwa kwa mkono wa mwanangu juu ya karatasi: "Usiwe na wasiwasi, imepimwa."

Jumapili iliyofuata alipiga simu. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeanza ile dawa?"

"Bado naisoma."

Alicheka sana. "Dawa inasomwa, baba?"

Nilimweleza habari ya namba ya toleo, na ukurasa wa tatu. Alinisikiliza kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mzee. Ndipo nikamuuliza kitu ambacho nilipaswa kumuuliza tangu siku ya kwanza. "Na wewe, unakunywa vijiko vingapi?"

Alinyamaza. Anafanya kazi ya usiku kwenye bohari huko Houston, anapakua makasha, na mgongo wake ulianza kumuuma kabla hajafika miaka arobaini. "Viwili, baba. Mara nne."

"Vya kujaa?"

"Vya kujaa."

"Na siku ukikosa?"

"Silali. Miguu inacheza yenyewe usiku kucha."

Nilikuwa na kalamu mkononi, na mkono wa mwalimu hauachi mazoea. Vijiko 8 mara gramu 3 ni 24. Mara 14.6, ni miligramu 350 za mitrajinini kila siku. Mara 0.42, ni maikrogramu 10.08 za risasi, yaani zaidi hata ya zile 8.8 nilizosema unga umefaulu kwazo. Nazo zilikuwa tarakimu za unga wa Machi 2023. Za unga anaokunywa yeye hakuna ajuaye. Niliitazama ile hesabu kwa muda mrefu, naye akadhani simu imekatika.

Sikumgombeza. Mtoto aliyekiri mwenyewe hachapwi. Nilimwambia asiache kwa ghafla, aende kwa daktari aseme ukweli wote kama alivyonieleza mimi, na apunguze chini ya uangalizi. Ilimchukua miezi kadhaa kwenda, kwa aibu. Alikwenda. Mara ya mwisho tulipozungumza alikuwa amefika kijiko kimoja, mara mbili, na usingizi bado unamsumbua.

Basi uhakiki wangu ni huu. Mwandishi wa cheti, yaani maabara, sikumkuta na uongo. Ametaja mipaka yake, ametaja ukali wa mashine yake, ametia kinyota mahali panapostahili. Kazi yake naipa alama nzuri. Kasoro yake ya fani ni kuyaweka maneno makubwa juu kwa wino mzito na maneno ya kweli zaidi chini kwa herufi ndogo. Muuzaji ametumia cheti cha mzigo mmoja kuupamba mwingine, na kwa hilo amefeli. Lakini msomaji naye ana mtihani wake, na msomaji wa kwanza alikuwa mwanangu, niliyemfundisha mwenyewe kusoma. Nilimfundisha silabi, nikamfundisha ufahamu, nikampeleka mpaka sekondari. Sikumfundisha kuuliza karatasi: wewe ni ya nani, nani amekutuma, na mwenzako wa katikati yuko wapi?

Tulimwomba muuzaji cheti cha toleo lililomo kwenye pakiti. Alijibu kwa heshima siku ile ile, akaleta karatasi tatu. Zilikuwa zile zile. Pakiti iko kabatini, imepungua kijiko kimoja nilichompimia sonara. Sokoni naenda kwa fimbo, napumzika mara mbili, na ukurasa wa tatu sijauona mpaka leo.